Kumtazama mtoto akicheza: lini kunakuwa utafiti?

Makundi ya WhatsApp ya wazazi, Moshi na hata Arusha, yana tabia moja. Ikitumwa video fupi ya watoto kituoni, sekunde 20 tu, mmoja kasimama ukutani na kikopo mkononi huku wenzake wakikimbizana, majibu humiminika hapohapo. Huyu anasema mtoto ananyanyaswa. Yule anasema mlezi mzembe. Wa tatu anashauri mtoto apelekwe hospitali ya KCMC akapimwe usonji. Wazazi walewale wakisikia kuna wanafunzi wa chuo wamekaa pembeni ya uwanja wa chekechea na makaratasi yao, wanatazama watoto na kuandika, wanauliza kwa mashaka: "Sasa kukaa tu na kuangalia watoto, huo nao ni utafiti?"

Mambo mawili yamechanganywa hapo. Jicho lililotazama sekunde 20 linaaminiwa kupita kiasi, na jicho lililofundishwa kutazama kwa wiki kadhaa linadharauliwa. Tofauti yao haiko kwenye elimu ya anayetazama. Iko kwenye maamuzi yaliyofanywa kabla hajaanza kutazama, na hayo ndiyo nataka kuyaeleza.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Wanaochunguza makuzi ya binadamu wanaposema mahusiano ya kijamii, hawana maana ya urafiki na undugu peke yake. Wana maana ya kila kitendo cha mtu kinachomfikia mwenzake na kujibiwa, au kukosa jibu. Mtoto wa miezi 5 anatabasamu, bibi anamwitikia "eeh, mjukuu wangu", mtoto anapiga miguu kwa furaha: tayari hayo ni mahusiano, na yana mwanzo, jibu, na jibu la jibu. Ushuhudiaji ni njia ya kukusanya habari za vitendo kama hivyo kwa kuvitazama vinapotokea na kuviandika kwa utaratibu uliokubaliwa mapema. Dodoso na mahojiano huwauliza watu wanafanya nini. Ushuhudiaji huangalia wanachofanya.

Kwa nini usiulize tu? Kwa watoto wachanga jibu liko wazi, hawawezi kujaza dodoso. Lakini hata kwa wakubwa kuna shida. Ukimuuliza mama wa Pasua au Ngarenaro kwa siku anazungumza na mwanawe mara ngapi, atakujibu kwa nia njema kabisa, ila atajibu kutokana na kumbukumbu, na kumbukumbu huyabeba yaliyo makubwa na kuyaacha madogo. Ile "njoo", "shika", "nani kamwaga?", "pole mwanangu", inayosemwa huku ugali unasongwa, haimkai mtu kichwani. Na katika makuzi ya mtoto, hayo madogo yanayojirudia mara mamia ndiyo yenye uzito.

Kutazama watoto na kuandika ni jambo la zamani. Charles Darwin aliweka kumbukumbu za mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa 1839, na mwaka 1877 akazichapisha. Huku kwetu Kilimanjaro, Otto Raum alichapisha mwaka 1940 maelezo marefu ya utoto wa Wachagga, yakiwemo michezo yao na jinsi walivyofunzwa kazi za nyumbani. Maandishi ya aina hiyo yana utajiri ambao hakuna jedwali linaloweza kuubeba. Udhaifu wake ni kwamba mtu huandika kilichomshtua au kumfurahisha. Mtoto akianguka na kulia, inaandikwa. Akikaa nusu saa anapanga vizibo vya soda kimya kimya, hakuna anayeona la kuandika.

Dawa ya udhaifu huo ni kuamua mapema utamtazama nani na saa ngapi, halafu kuufuata uamuzi huo hata kama upande wa pili wa uwanja kuna vurumai inayokuvuta macho. Mildred Parten, kwenye utafiti wa watoto wa chekechea huko Minnesota, Marekani, uliochapishwa 1932, alimtazama kila mtoto kwa dakika moja, akaandika alikuwa anafanya nini na wenzake, kisha akahamia kwa mwingine. Alirudia hivyo siku nyingi. Dakika moja peke yake haina maana yoyote. Dakika nyingi za siku tofauti, zilizokusanywa bila kuchagua, zinaanza kumwonyesha mtoto alivyo. Ni kama mtu anayetaka kujua biashara ya soko la Kiboriloni, Moshi, ikoje: akienda siku ya gulio tu ataapa kwamba pale watu hawapungui, akienda siku ya kawaida tu jioni ataapa kwamba soko limekufa, na wote wawili watakuwa wameona kweli kwa macho yao.

Aliyeziweka njia hizi sawa kwa namna inayotumika hadi leo hakuwa anachunguza watoto. Ni Jeanne Altmann, na alikuwa akichunguza nyani wa Amboseli, yale mambuga ya Kenya unayoyaona chini ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Rongai. Mwaka 1974 alichapisha makala iliyochambua njia za kuchagua nani atazamwe na kwa muda gani. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba ukitazama bila mpango utakusanya mambo yenye kelele na kuyakosa ya kimya, na kwamba wanyama wanaopenda kuonekana watajaa kwenye daftari kuliko wanaojificha. Akaeleza jinsi ya kumfuata mmoja kwa muda maalumu bila kumwacha, na jinsi ya kupitisha macho kundi zima kila baada ya muda fulani na kuandika kila mmoja yuko katika hali gani wakati ule. Njia hizo hutumika mpaka kwenye uwanja wa shule, kwa sababu watoto nao wapo wenye kelele na wapo wa kimya. Mtoto aliyesimama ukutani kwenye ile video kwa kawaida ndiye angekosekana kwenye daftari. Safari hii kaonekana kwa bahati ya kamera, na hatujui hizo sekunde 20 zilichukuliwa kutoka kwenye saa ngapi za siku.

Dakika moja moja hazifai kwa kila swali. Helen Dawe aliyechunguza ugomvi wa watoto wa chekechea, utafiti uliotoka 1934, hakuweza kutumia saa iliyopangwa, kwani ugomvi hauna ratiba. Alisubiri. Ugomvi ukianza, anaandika nani, kwa nini, nani aliamua na uliishaje, mpaka akafikisha magomvi 200. Wastani wa kila ugomvi haukufika hata nusu dakika. Naupenda mno utafiti huu, kwa sababu muulize mlezi yeyote wa kituo jioni akiwa amechoka atakwambia watoto wamegombana kutwa nzima. Hasemi uongo. Anahesabu uchovu wake.

Sasa tuje kwenye uamuzi mgumu kuliko yote: unaandika nini? Chukua tukio dogo. Watoto wawili wa miaka 4 wako kwenye mchanga. Mmoja, tumwite A, ana chupa ya maji iliyokatwa, anachotea mchanga. Wa pili, tumwite B, anaitazama chupa, anasogea, anainyakua. Wa kwanza anapiga yowe, kisha anaokota kijiti na kuendelea kuchimba. Baada ya muda aliyenyakua anairudisha chupa ikiwa imejaa mchanga, anaimwaga miguuni kwa mwenzake, wote wanacheka.

Mtazamaji ambaye hajafundishwa ataandika: "Mtoto B ni mkorofi, alimnyang'anya A. A ni mvumilivu. Baadaye walipatana." Sentensi tatu, na zote ni hukumu. Aliyefundishwa ataandika: "B ananyakua chupa mkononi mwa A bila kusema neno. A anapiga yowe mara moja, haendi kwa mwalimu. A anaokota kijiti, anachimba. B anamwaga mchanga miguuni mwa A. Wote wanacheka." Ukorofi na uvumilivu havimo, kwa sababu hakuna aliyeviona. Kilichoonekana ni mkono, yowe, kijiti na kicheko. Maana inakuja baadaye, matukio kama hayo yakishakuwa mengi, na hata hapo inakuja kwa uangalifu.

Ndiyo sababu kabla ya kuingia uwanjani watafiti hutengeneza orodha ya vitendo na kueleza kila kimoja kwa maneno yasiyo na utata. "Kucheza pamoja" ni nini? Kukaa karibu? Kutumia kitu kimoja? Kuwa na lengo moja, kama vile wote wanajenga nyumba moja? Parten aliyatenganisha hayo. Yupo asiyejishughulisha na lolote, yupo anayecheza peke yake, yupo anayetazama wengine wakicheza, yupo anayecheza ubavuni mwa mwenzake bila kushirikiana naye, yupo anayeshirikiana bila mpango, na yupo aliye ndani ya mchezo wenye lengo na majukumu, kama mchezo wa kibaba na kimama ambao kila mtoto wa Majengo anaujua: wewe mama, wewe mtoto, wewe nenda sokoni.

Orodha nzuri haitoshi. Watazamaji wawili hutazama watoto walewale, kila mmoja na karatasi yake bila kuchunguliana, kisha majibu yanalinganishwa. Hapa kuna mtego ambao hata wasomi hunaswa nao. Tuseme wametazama vipindi 100 na kila mara waliandika kama mtoto yuko na wenzake au yuko peke yake. Wamekubaliana vipindi 88. Inasikika vizuri. Lakini tazama ndani: kila mmoja aliandika "peke yake" mara 10, na kati ya hizo ni vipindi 4 tu ambavyo wote wawili waliandika hivyo. Kwa hiyo katika jambo lenyewe lililokuwa likitafutwa, walikuwa karibu hawaelewani. Makubaliano yote makubwa yametokana na ukweli kwamba muda mwingi watoto huwa pamoja, na hata anayeandika "pamoja" akiwa amefumba macho atapatia mara nyingi. Mwaka 1960 Jacob Cohen alitoa hesabu inayoondoa sehemu ya makubaliano ambayo yangetokea kwa bahati. Kwa mfano wetu, 88 kati ya 100, yaani 0.88, inashuka na kuwa takribani 0.33, pale ambapo 1 ni kukubaliana kikamilifu na 0 ni bahati tupu. Timu inayopata alama hiyo hurudi kwenye mafunzo. Haiendi uwanjani.

Ule mjadala wa WhatsApp haukuwahi kupita kwenye kipimo hiki. Watu 40 waliotazama video ileile wakatoa maoni yanayofanana hawajathibitisha kitu, maana wa pili alishasoma alichoandika wa kwanza.

Mahali pa kutazamia nako kuna la kusema, na hapa hadithi yake imeanzia Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda. Akawa anatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili hivi, takribani saa mbili kila mara, kwa miezi kadhaa. Alikuwa akitazama mtoto anavyotambaa kwenda kuchunguza kitu na kurudi kwa mama, analia mama akiondoka au la, anavyompokea akirudi. Kitabu chake kilitoka 1967. Baadaye huko Baltimore, Marekani, alitazama familia nyingine 26 majumbani mwao kwa mwaka mzima wa kwanza wa mtoto, na hapo ndipo akaongeza jaribio fupi la chumbani ambalo limemfanya ajulikane. Mama na mtoto wa mwaka mmoja hivi wanaingia kwenye chumba chenye vichezeo, mgeni anaingia, mama anatoka, anarudi, anatoka tena, anarudi. Yote huchukua kama dakika 20.

Huku mtaani mtoto akilia mama anapoondoka, husemwa amedekezwa. Asipolia husifiwa kwamba ni jasiri. Jaribio la Ainsworth halipimi hivyo hata kidogo. Linaloangaliwa zaidi ni mama anaporudi. Mtoto aliyelia kwa nguvu, kisha akabebwa, akatulia na kurudi kwenye vichezeo, anahesabiwa kuwa na uhusiano salama na mama yake. Yupo asiyelia na ambaye mama akirudi humgeuzia uso na kujifanya kashughulika. Watafiti Sroufe na Waters walionyesha mwaka 1977 kwamba mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo yanapanda, ingawa usoni wanaonekana wametulia. Kwa hiyo utulivu wa nje si kipimo cha utulivu wa ndani, na macho yana mpaka.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba zile dakika 20 zilipata uzito kwa sababu nyuma yake kulikuwa na takribani saa 70 za kutazama kila familia nyumbani. Kuchukua jaribio peke yake na kulipeleka popote kuna hatari. Japani miaka ya 1980 watoto wengi walilia kupita kiasi chumbani, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba hawakuzoea kabisa kuachwa na mama. Fikiria mtoto wa Rombo aliyezoea mgongo wa dada, mapaja ya bibi na mikono ya shangazi. Ukimweka chumbani na mama mmoja na mgeni mmoja, huenda unapima ugeni wa chumba.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema mbinu hizi ni za Wazungu na huku hazina kazi, nakubali nusu. Majaribio ya chumbani yanahitaji kupimwa upya kwa mazingira yetu. Lakini kutazama watu mahali wanapoishi kumejengwa kwa sehemu kubwa hapahapa. Mbali na Uganda na Amboseli, Beatrice na John Whiting katika miaka ya 1950 waliongoza utafiti wa jamii sita duniani, mojawapo ikiwa Nyansongo, kwa Wagusii wa Kenya. Watoto wa Nyansongo, ambao walikuwa wakikabidhiwa wadogo zao kuwalea, walionekana kutoa msaada na maelekezo ya kuwajibika kuliko wale wa mji wa Marekani uliokuwa kwenye utafiti huo. Na karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, Alyssa Crittenden na Frank Marlowe walitazama nani huwabeba watoto wa Wahadzabe. Matokeo yaliyotoka 2008 yalionyesha mama ndiye hubeba zaidi, ila bibi, baba na dada nao wana sehemu yao. Mtu angeuliza kwa dodoso "nani mlezi wa mtoto huyu?" angejibiwa "mama", na hao wengine wote wangepotea.

Kuna wanaosema watoto wakijua wanatazamwa hubadilika, basi kazi nzima ni bure. Ni kweli hubadilika, na watu wazima zaidi. Siku ya kwanza mwalimu huongea kwa upole usio wa kawaida na watoto humzunguka mgeni kuuliza jina lake. Ndiyo maana siku za mwanzo hazihesabiwi. Mtazamaji anakaa palepale, havai vya kuvutia, hacheki na watoto, hatoi pipi, hajibu zaidi ya salamu, mpaka anakuwa kama benchi. Kujifanya benchi kwa saa kadhaa ni kazi ngumu, na naiheshimu.

Na kamera? Inasaidia sana, maana tukio moja linaweza kurudiwa mara kumi na watazamaji watatu tofauti. Ila kamera inaonyesha tu upande ilikoelekezwa, kuanzia pale ilipowashwa. Nani aliiwasha, na alikuwa ameona nini kabla ya kuiwasha? Swali hilo video ya mtandaoni hailijibu.

Tumrudie basi mtoto wa ukutani. Kucheza peke yake si ugonjwa. Watafiti waliomfuatia Parten, akiwemo Kenneth Rubin, walitenganisha mtoto anayejenga kitu peke yake kwa umakini na mtoto anayewatazama wenzake kwa hamu lakini anaogopa kuingia. Kwa mbali wote wako "peke yao", kwa karibu ni vitu viwili. Mzazi mwenye wasiwasi anaweza kumwomba mwalimu jambo dogo: kwa wiki mbili, saa tofauti za siku, aandike kwa maneno ya vitendo mtoto yuko wapi, na nani, mikono yake inafanya nini. Karatasi hiyo ikifika kwa daktari au mtaalamu wa makuzi itamsaidia kuliko sentensi "hapendi wenzake". Na kama mtoto haitikii jina lake, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, usisubiri hizo wiki mbili, mpeleke.

Serikali ya Tanzania ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na malezi yenye mwitikio ni moja ya nguzo zake. Mwitikio haupimwi kwa mizani wala kwa utepe. Hupimwa kwa kumtazama mlezi anavyoitikia mtoto. Kwa hiyo vijana wenye makaratasi huenda wakaonekana zaidi kwenye vituo vyetu, na mzazi ana haki zake mbele yao. Utafiti unaohusu watoto unapaswa kupitishwa na kamati ya maadili, na mzazi anapaswa kuombwa ridhaa kabla mwanawe hajaandikwa wala kurekodiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Uliza kibali kiko wapi, video itaonwa na nani, itatunzwa wapi na itafutwa lini. Uliza pia kama jina la mtoto litaandikwa au atapewa namba. Ukikataa, au ukikubali leo na kubadili mawazo kesho, mtoto anaendelea kupata uji wake na kucheza kama kawaida. Mtafiti anamruka kwenye orodha, na akifika kwenye namba yake, anahamia kwa mtoto anayefuata.